Motere ya Mama Mkwe

Barua ilikuwa fupi. Mwalimu mmoja wa Bukama ndiye aliyeiandika kwa niaba ya Mama Kyabu, na ilisema kwamba mama atafika Kamina Jumapili kwa treni, pesa anayo, na mkwe wake, anayeshinda kutwa katikati ya mashine za wazungu kule Base, atamchagulia motere ya kufunga nyuma ya mashua yake ya tanga. Isaïe aliisoma mara mbili akiwa amesimama mlangoni, kisha akakaa chini.

Tuseme ukweli wa huyu Isaïe, maana mwenyewe alikuwa hajausema tangu aoe. Ni kweli alifanya kazi Base, kambi ya jeshi la Wabelgiji. Ni kweli pia alikuwa kwenye magazini, ghala la vipuri, mwaka ule wa 1954 ambapo ndege na malori ya kila aina yalikuwa yakitengenezwa pale. Lakini kazi yake ilikuwa kuandika. Kipuri kikiingia anaandika namba yake kwenye kadi, kikitoka anaandika kwamba kimetoka. Angekutajia kwa Kifaransa jina la kila skrubu ya lori, ila ungempa lori lenyewe limezima njiani, asingejua hata boneti inafunguliwa upande gani. Siku ya mahari, mjomba mmoja wa Béatrice aliuliza kijana anafanya kazi gani, na msemaji wa upande wa bwana harusi akajibu, "Iko na mashini." Isaïe alikuwa amekaa pale na tai yake shingoni, na hakusahihisha. Miaka sita ukoo wa mkewe ulikuwa ukimwita mukwe wa mashini, naye akawa anaitika.

Isaïe aliamini ni Béatrice peke yake aliyejua. Béatrice alikuwa anachambua sombe, majani ya mhogo, uani, na mumewe alipomsomea barua hakuinua hata kichwa.

"Utachagua tu," alisema. "Kuchagua siyo kazi. Bantu banachagua kila siku."

"Banachagua kintu banajua."

"Basi ujue mbele ya Jumapili."

Jambo lenyewe halikuwa la mchezo. Mama Kyabu alikuwa mjane, na mashua ile ndiyo aliyoachiwa na mumewe. Alikuwa akinunua kambale kwa wavuvi chini ya mto, kwenye njia ya ziwa Kisale, na kuwapandisha hadi Bukama, ambapo treni ya Jumamosi iliwachukua kuwaleta kwenye kantini ya kambi ya wafanyakazi hapa Kamina. Upepo ukiwepo, tanga linavuta na mama anakaa nyuma na usukani wake, mambo safi. Upepo ukilala, mto unamrudisha alikotoka, na samaki wanaanza kunuka. Mwezi ule alikuwa amekosa treni mara mbili, na msimamizi wa kantini, Mbelgiji asiye na maneno mengi, alimtumia habari kwamba mara ya tatu itakuwa ya mwisho, atatafuta mtu mwingine. Mama hakuwa na biashara ya pili. Ada ya shule ya mdogo wake Béatrice, dawa ya bibi yao, kila kitu kilitoka kwenye samaki wale.

Jumapili alifika. Hakulala kwa Isaïe, na asingeweza. Buko ya watu wa pale ni kali: mama mkwe na mkwe wake hawali pamoja, hawaketi pamoja, hawatazamani usoni, na wakikutana njiani mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Kupanda mashua moja, hilo hata hatulizungumzii. Kwa hiyo Mama Kyabu alifikia kwa Ngoie, shemeji yake, upande wa pili wa reli, na neno lolote kati yake na Isaïe lilipaswa kupita kwa Béatrice. Kutoka nyumba moja mpaka nyingine ni mwendo wa nusu saa kwa mguu. Wiki ile Béatrice aliutembea mpaka ndala zake zikakatika.

*

Kulikuwa na motere mbili za kuuzwa Kamina nzima. Ya kwanza ilikuwa ya ajida mmoja, afande mzungu wa Base, aliyekuwa akirudi kwao Ulaya Alhamisi ile; mashine kubwa, nyekundu, ya nguvu ya farasi kumi, aliyokuwa akiitumia kwenda kuwinda viboko. Ya pili ilikuwa kwa Mgiriki mwenye duka karibu na stesheni, ndogo, ya farasi wanne, rangi imebanduka, imening'inia kati ya majembe na sufuria.

Isaïe aliuliza watu, na kuuliza kwake ndiko kulikomchanganya kabisa. Jirani yake, mpika moto wa treni, alimwambia asikilize sauti: mashine inayolia kwa nguvu ina afya. Katekista alimwambia anunue iliyopita mikono ya mtu mmoja tu, tena mbatizwa. Askari mmoja alishika kidole chake na kumweleza kwamba farasi wa motere wanakufa mmoja mmoja, kwa hiyo chukua kumi, wakifa watatu unabaki na saba, lakini wanne wakifa watatu utavutwa na nani? Isaïe alicheka, ila njiani alijikuta anapiga hesabu ile kichwani, na hakuwa na hakika kama ni upuuzi. Karani mwenzake wa magazini alimtolea kitabu cha vipuri, na humo alikuta michoro ya motere thelathini zenye mishale na namba. Namba alizielewa zote. Alichokosa ni kujua namba ipi ina maana gani mtoni.

Jumatatu alipotoka kazini alimaliza kula, akanawa mikono, akamwambia Béatrice neno ambalo lilimchukua siku nzima kuliandaa.

"Uende kwa mama. Umwambie minyi sijue motere. Minyi iko karani ya makaratasi. Umwambie atafute mutu mwengine."

Béatrice alisimama. Alijifunga kitenge chake vizuri, akaondoka. Aliporudi jua lilikuwa bado lipo, na alisema kwamba mama amesikia, na kwamba mama anamwamini, achague tu.

"Ulimwambia vile nilisema?"

"Nilimwambia," Béatrice alijibu, akaingia ndani kufunika sufuria ambayo haikuhitaji kufunikwa.

Hakumwambia. Alifika kwa Ngoie, akamkuta mama yake ameketi kati ya wake wa ukoo, anawasimulia jinsi mkwe wake anavyofungua mashine na kuifunga, na wanawake wanatikisa vichwa kwa kumsifu. Neno alilobeba likamshinda kulitoa. Akasema, "Bwana yangu anasema anapima. Motere iko mbili, anazipima." Mama yake alimtazama, akasema vizuri, apime. Béatrice hakuona kwamba ni uongo mkubwa. Aliona anaficha aibu ya mumewe mpaka jambo lipite, kama mke yeyote wa pale angefanya.

*

Mtu wa kweli wa mashine alikuwa Élisée Tshimanga, fundi kutoka Kasai, ambaye mikono yake ilikuwa imelowa mafuta kiasi kwamba hata Jumapili kanisani ilibaki myeusi. Isaïe alikuwa akimkwepa. Si kwa ubaya: Tshimanga alijua Isaïe anafanya nini pale Base, na Isaïe alijua kwamba anajua. Jumanne alijikaza, akamfuata karakanani saa ya mapumziko.

Tshimanga hakumcheka. Alimuuliza maswali, na hayo yalikuwa mabaya kuliko kicheko. Mashua ina uzito gani ikijaa? Ubao wa nyuma, pale motere inapofungwa, una urefu gani kutoka juu mpaka chini? Maana motere, alieleza, kuna zenye mguu mfupi na zenye mguu mrefu, na mashua za tanga mara nyingi zina nyuma ndefu. Mguu ukiwa mfupi, elisi, lile panga linalozunguka, halifiki majini, na hata uwe na farasi mia utakuwa unasukuma hewa. Kubwa ya ajida ina mguu mfupi. Ndogo ya Mgiriki ina mguu mrefu.

"Hiyo mashua umeiona?" Tshimanga aliuliza.

Isaïe alisema ameiona kwa mbali. Alikuwa ameiona mara moja, kutoka juu ya ukingo wa mto, akiwa amegeuza uso kwa sababu mama mkwe wake alikuwa ndani yake.

"Kwa mbali haipimwe," Tshimanga alisema. "Tafuta ule urefu. Ukipata, njo utajua. Mengine ni maneno."

Kwa mara ya kwanza tangu barua ifike, Isaïe alirudi nyumbani na swali moja tu badala ya kumi. Alimtuma Béatrice siku ile ile: amuulize mama, ubao wa nyuma wa mashua unamfika wapi akisimama kando yake.

Mama Kyabu hakuhitaji kufikiri. Alisimama katikati ya uwanja wa Ngoie, akaweka kiganja chake juu ya paja, katikati kabisa, akasema, "Hapa." Miaka kumi na minne alikuwa amesimama kando ya mashua ile, angeipima akiwa usingizini.

Sasa mfikirie Béatrice anarudi nyumbani na jibu hilo. Umewahi kumtajia mwanaume paja la mama mkwe wake? Kwa watu wale hata kitambaa ambacho mama mkwe amekalia hakitajwi mbele ya mkwe. Paja la mama, mdomoni mwa binti, masikioni mwa mume: alivuka reli akiwa anageuza neno lile na kuligeuza, akitafuta pengine pa kulishikia. Alifikiria kusema goti, akaona goti nalo ni la mama. Alipofika uani aliona kigoda cha jikoni, kile cha kukalia mtu anapotwanga, akashukuru Mungu.

"Mama anasema iko sawa na kigoda," alimwambia mumewe. "Ama kupita kidogo."

Isaïe alikwenda kuchukua futi, akakipima kigoda. Sentimita thelathini na tatu. Akaandika kwenye karatasi, akaongeza nne kwa ajili ya kile "kidogo", na kesho yake asubuhi akampelekea Tshimanga karatasi. Tshimanga aliiangalia, akasema kama ni hivyo, mguu mfupi unafaa, achukue ile kubwa, haina ubaya. Alionekana kushangaa kidogo kwamba mashua ya tanga iwe fupi namna ile, lakini karatasi ilikuwa na namba, tena namba nzuri ya karani.

*

Jumatano alasiri Isaïe alikwenda nyumbani kwa ajida, na pesa za mama mkwe zimefungwa kwenye leso ndani ya shati. Aliingilia mlango wa nyuma. Ajida alikuwa anapakia masanduku, na alimwacha asimame uani karibu saa nzima kabla ya kutoka. Alimwita wewe kama anavyomwita mfagizi, akamuuliza kama hiyo motere ni ya kwake au ametumwa na mzungu. Isaïe alisema ni ya mama mkwe wake. Ajida alicheka mpaka akakaa juu ya sanduku. Mkewe alitoka kuuliza kuna nini, akaelezwa, naye akacheka.

Motere ilifungwa kwenye pipa la maji. Ajida alimwambia Isaïe avute kamba. Isaïe alivuta, kamba ikarudi na kumchapa mkononi, na mashine haikusema kitu. Alivuta tena. Mara ya tatu ajida alimsukuma kando kwa kiwiko, akafungua kitu fulani upande wa pili ambacho Isaïe alikuwa ameandika jina lake kwenye kadi mara mia bila kukiona, akavuta mara moja. Pipa lilichemka, maji yakaruka mpaka kwenye nguo zilizoanikwa, na watu waliokuwa wamejikusanya nje ya ua wakapiga makofi. Shati la Isaïe lilikuwa limelowa. Alifungua leso, akalipa, bila kupunguziwa hata faranga moja kwa sababu alikuwa na haraka ya kutoka pale.

Usiku wa habari njema haukosi wageni: ukoo wote ulijua kabla hajafika nyumbani. Mama Kyabu alimtuma Béatrice na neno la shukrani refu, na hilo Béatrice alilifikisha zima.

*

Alhamisi walikwenda Bukama na treni moja, mama kwenye behewa la mbele na Isaïe kwenye la nyuma, motere imevikwa gunia kama mgonjwa. Béatrice alibaki na watoto. Isaïe alikuwa ameomba ruhusa ya siku tatu, na mkubwa wake alimpa huku akimwambia kwamba makarani wanaotafuta kazi wapo wengi.

Kukosekana kwa Béatrice kulileta shida ambayo hakuna aliyeifikiria. Nani atabeba maneno? Akapewa kazi hiyo Umba, mzee wa makasia wa Mama Kyabu. Umba alikuwa mtu wa maji. Neno ukimpa analipeleka jinsi lilivyo, na magamba yake.

Ijumaa asubuhi pale bandarini palikuwa na watu. Habari za motere ya mjane zilikuwa zimefika. Mama Kyabu aliketi mbele kabisa ya mashua, kitenge kimefunika kichwa, mgongo kwa nchi kavu. Isaïe alisimama mbali, hatua thelathini, uso kwenye magunia ya mhogo. Umba na kijana mmoja wa bandari walibeba motere, wakaiweka kwenye ubao wa nyuma, wakakaza. Umba alivuta kamba kama alivyoelezwa. Mashine iliwaka mara ya kwanza, ikanguruma hadi kunguru wakaruka kwenye paa la stesheni.

Mashua haikusogea. Isaïe aligeuka kidogo, akaona kwa jicho la pembeni kile ambacho bandari nzima ilikuwa inakiona: elisi ilikuwa inazunguka hewani, inang'aa, na ncha yake inagusa maji na kurusha matone, basi. Mtu mmoja aliuliza kama hiyo ni feni ya kumpepea mama. Watu walicheka, na kicheko cha bandarini hakina huruma. Umba alizima mashine.

Halafu Umba akapanda ukingo, taratibu, akasimama mbele ya Isaïe.

"Mama anauliza, ulipima nini?"

"Umwambie nilipima vile alisema. Kigoda."

Umba alishuka. Akapanda tena.

"Mama anasema hakusema kigoda. Anasema alisema paja. Paja yake, hapa katikati." Na Umba akaweka kiganja kwenye paja lake mwenyewe, akilitaja kwa sauti ile ile ya kutangaza bei ya samaki, watu wote wakisikia.

Isaïe aliyageukia tena magunia. Paja. Aliona mara moja njia yote ambayo neno lile lilipita, reli, uwanja, jikoni, na mahali lilipobadilishwa nguo. Na kama hilo lilibadilishwa, basi na lile la Jumatatu? Alikaa juu ya gunia. Hakujua amkasirikie nani. Béatrice alimficha, ajida alimcheka, Tshimanga alimwamini, mama alimtuma, na yeye mwenyewe alikuwa amenyamaza miaka sita. Kila alipomshika mmoja kichwani mwake, mwingine alikuwa anamtoka.

Umba alipendekeza wakate ubao wa nyuma kwa msumeno ili mashine ishuke. Mama alikataa: ukikata pale, mawimbi ya Kisale yataingia, na mashua itazama na samaki. Kurudisha motere haiwezekani, ajida alikuwa njiani kwenda Ulaya. Samaki walikuwa wanangoja kwenye kambi ya uvuvi, na treni ni kesho saa sita. Upepo haukuwepo. Na vijana wawili wa makasia ambao kila wiki walimsaidia Umba, mama alikuwa amewaaga Jumamosi iliyopita, kwa sababu motere inakuja. Wengine wa bandari walitaka kulipwa kwanza, na wao pia walikuwa wamecheka sana, na mama hakuwa na pesa wala moyo wa kuwaomba.

Umba alipanda ukingo mara ya tatu.

"Mama anasema asante, mukwe arudie Kamina. Shiye tutaenda babili, tutavuta vile tutaweza."

Wawili, kupandisha mto na vitunga kumi na viwili vya samaki. Hata karani wa makaratasi alijua hesabu hiyo. Isaïe alivua viatu. Alivua tai, akaiweka ndani ya kiatu kimoja. Akashuka ukingo, hatua thelathini zote, akaingia majini mpaka magotini, na watu wakanyamaza, kwa maana hili lilikuwa kubwa kuliko motere.

"Mama," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza maishani kumwelekezea sauti yake. "Minyi sijue motere. Kuvuta kasia nitajifunza."

Mama Kyabu hakugeuka. Alikaza kitenge kichwani. Kisha akasogea upande, akampa nafasi nyuma ya mgongo wake.

"Panda," alisema.

*

Ya mtoni ni mafupi kusimulia na marefu kuyafanya. Walishuka na maji, wakalala kambini, Isaïe kwenye nyumba ya wavuvi na mama kwenye nyumba ya wake zao. Jumamosi alfajiri walipakia na kuanza kupanda. Mikono ya Isaïe ilitoka malengelenge kabla ya jua kuwaka, malengelenge yakapasuka, akafunga viganja na vipande vya shati lake la kazi. Walisukuma kwa miti pale penye mafunjo, wakavuta pale penye kina. Hawakuzungumza, pumzi haikutosha. Filimbi ya treni ilisikika wakiwa bado kwenye kona ya mwisho, treni ikiingia, na kwa kuwa mashine ya treni husimama pale kunywa maji, walipata muda. Kitunga cha kumi na mbili kilipandishwa behewa likiwa limeanza kutembea, na Isaïe alining'inia nacho mlangoni mpaka Umba akamsukuma kutoka chini. Motere ilikuwa tayari ndani, mlinzi wa stesheni, aliyeachiwa kuitunza, aliitupia humo. Mama Kyabu pia alikuwa ndani, ameketi juu ya samaki. Lilikuwa behewa moja na hapakuwa na lingine la kuhamia.

Walikaa mgongo kwa mgongo, vitunga katikati. Kila mmoja aliangalia mlango wake.

"Ile siku ya mahari," mama alisema hatimaye, "niliona mikono yako. Ilikuwa safi. Nikajua huyu hapana mutu wa mashini. Nikafurahi, binti yangu hatafua mafuta."

Isaïe alidhani hakusikia vizuri. "Ulijua, mama?"

"Nilijua."

"Sasa mbona ulinituma?"

"Ningenunua bila kukuuliza, ukoo ungesema nini juu yako? Nilikutuma nikingoja useme hapana. Ungesema hapana, ningechukua ile kidogo ya Mugiriki, niliiona siku nyingi. Mbona hukutuma neno?"

Alikuwa amelituma. Jumatatu, baada ya kula, kwa maneno yasiyo na pembe. Jibu lilikuwa mdomoni mwake, na lilikuwa la kweli, na lingemwondolea lawama yote na kuiweka juu ya kichwa cha Béatrice. Aliangalia viganja vyake.

"Nilikosa, mama. Sikulituma."

Treni ilipita daraja dogo. Mama Kyabu alingoja kelele ziishe.

"Hiyo ni uwongo," alisema bila hasira. "Béatrice alikuya akaniambia unapima. Nilimwangalia macho. Minyi njo nilimuzaa, ninajua akificha. Ningemuuliza mara moja tu, angesema yote. Nikanyamaza, juu ya wale bamama walikuwa wanasikia. Basi, weye na bibi yako Béatrice musijipige. Tuko batatu tulikosa."

 Baadaye Isaïe alisema kwamba ile motere atampelekea Tshimanga, yeye atajua nani anaweza kuinunua, na kama watapata nusu ya pesa itatosha ile ndogo. Alisema pia kwamba anadaiwa mbuzi wa faini ya buko kwa kupanda mashua. Mama alisema wawili, kwa sababu ya behewa.

Pale Kamina, Béatrice alikuwa stesheni tangu saa nane, mtoto mgongoni. Aliangalia behewa la mbele, akaangalia la nyuma. Mlango wa behewa la samaki ulipofunguliwa, aliwaona wote wawili wanasimama ndani yake, mumewe hana viatu wala mikono ya shati, mama yake hajafunika kichwa. Alishika mdomo. Alikuja mbio, akasimama katikati yao kama alivyozoea, akimtazama mmoja na kumtazama mwingine, akingoja apewe neno la kupeleka.

"Isaïe," mama yake alisema, sauti ikipita juu ya bega la binti yake, "shika kitunga ile upande ya chini, inavuja."

"Ndiyo, mama."

Wakakiinua kati yao na kuondoka nacho kuelekea kwenye mkokoteni wa kantini. Béatrice alibaki pale pale penye reli, mikono haina kitu, midomo imefunguka, na kwa mara ya kwanza wiki ile hakukuwa na mtu aliyemngoja aseme. Akaanza kulia kabla hajajua analia kwa furaha au kwa aibu, kisha akafuta uso, akapanda behewani kutafuta kitunga ambacho angeweza kukibeba peke yake.